Tao Lililofunikwa Mbao

Mwezi wa nne mwaka huu walibandua mbao zilizoziba tao la jukwaa katika ukumbi wa zamani wa sinema mjini Mbulu. Nilikwenda kutazama, na njia nzima nilitamani tukute lipu imeoza. Mzee wa umri wangu hapaswi kutamani hivyo, lakini ndivyo nilivyotamani.

Ukumbi ule tuliujenga tukiwa vijana. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa kuja, sisi mafundi tukimwita Tajiri. Alikuwa ameona majumba ya sinema ya Arusha, akataka lake liyapite. Uso wa jengo ulipanda kwa mawimbi mpaka kwenye nyota ya saruji. Madirisha yalitiwa vioo vya rangi, dari ikapakwa buluu. Nguzo sita za ndani zilikuwa zangu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, najua kutumia rula na bikari, nikazizungushia mizabibu ambayo sikuwahi kuiona ila kwenye picha za kanisani.

Nilingoja nipewe na tao la jukwaa. Tajiri akampa mwenzangu, aliyeachia shule darasa la nne.

Yeye hakuchora kitu. Alileta sketi ya ngozi ambayo mama yake aliivaa siku ya harusi, imejaa shanga, akaitundika kwenye miti ya kupandia. Kisha akaifuata safu kwa safu kwenye lipu mbichi: duara kwa kifuniko cha soda, nukta kwa msumari. Rangi nyekundu aliitoa kwenye udongo wa shambani kwao, nyeusi kwenye masizi ya chungu. Siku alipomaliza, Tajiri alizipita nguzo zangu bila kuinua kichwa. Chini ya tao akasimama, akavua kofia.

"Huyu kasomea wapi?" akaniuliza. Mimi, si yeye.

"Hajasoma," nikajibu.

Mvua za mwaka ule zilichelewa. Nikamfuata Tajiri dukani, nikamwambia kwamba kwetu sketi ya bibi harusi haionyeshwi kwa wanaume, kwamba wazee wananung'unika, na mvua isiponyesha watamtazama yeye. Hakuna mzee aliyenung'unika. Niliyatunga yote nikiwa njiani. Lakini Tajiri alikuwa mgeni, na aliogopa kuwakosea wenyeji wake. Akaagiza tao lizibwe.

Mwenzangu hakubisha. Aliomba jambo moja tu, apigilie mbao yeye mwenyewe. Nikamwona mwoga. Wiki iliyofuata mvua ikanyesha, na hata mimi nikakaribia kuuamini uongo wangu.

Miaka ikapita. Sinema ikafa, ukumbi ukawa ghala la maharage, baadaye kwaya zikafanyia mazoezi humo. Bati likavuja, popo wakahamia, mizabibu yangu ikadondoka kipande kwa kipande.

Sasa mbao zilipotoka, shanga zote za lipu zilikuwepo, nyekundu kama jana. Mwenzangu alikuwa amepigilia fito nje ya nakshi na kutandika magunia katikati. Hakuna msumari uliogusa hata nukta moja. Kwa hiyo uongo wangu ndio ulioitunza kazi yake, na kazi yangu iliyoachwa wazi ikaisha. Nikashika nguzo yangu moja, ikabaki chokaa mkononi.

Mjukuu wa Tajiri, ndiye anayeukarabati ukumbi, akanijia.

"Shikamoo babu. Mlangoni tunaweka kibao cha majina ya mafundi. Hili tao ni mikono yako?"

Nikakohoa. Akakichukulia kikohozi kuwa ndiyo, akaandika kwenye simu yake.

Siku tatu nilikaa na jina langu juu ya tao lile. Ya nne nikapanda basi la Haydom, nikashuka kabla ya kufika, kwa mwenzangu. Nilimkuta uani akipukuchua mahindi.

"Msomi!" akaita. "Umepotea, au umekuja kukagua kazi?"

Nikamwambia yote, ya dukani na ya kikohozi. Aliendelea kupukuchua.

"Ya dukani nayajua, Tajiri aliniambia ulichosema. Nilimuuliza mama wiki ileile. Alicheka mpaka akakaa chini. Sketi yake aliichezea ngoma uwanjani mbele ya kijiji kizima. Nani alifumba macho?"

"Sasa mbona hukumwambia Tajiri?"

"Nilikuona ulivyokuwa ukilitazama lile tao, bwana. Nikajua mbao zikikaa, utatulia. Zikiondolewa, utaleta nyundo."

Nyundo nilikuwa nimeshaifikiria.

"Na mizabibu yako?" akauliza.

"Imedondoka yote."

"Pole," akasema, na nikaona kwamba ameumia kweli. Afadhali angenicheka. Hata pole yake ilikuwa nzuri kuliko zangu.

Nikampigia yule kijana palepale uani. Nikamtajia jina la mwenye tao, nikalirudia polepole aliandike sawasawa.

"Sasa wewe babu, tuandike ulifanya nini?"

Mwenzangu alikuwa ameacha kupukuchua, akinitazama.

"Andika nguzo," nikasema. "Na mbao. Alizipigilia yeye, lakini nilizileta mimi."