Basi la Babu au Banda la Kuku

"Babu, una nyumba ya vyumba vinne. Kwa nini unalala kwenye basi?"

Nilimwuliza hivyo nikiwa darasa la nne. Alikuwa amelala chali chini ya Coaster yake, inaonekana miguu tu, na ile miguu ikanijibu, "Nipe spana namba kumi na tatu."

Babu yangu Yoeli aliendesha malori miaka thelathini, Makambako hadi Dar, Makambako hadi Tunduma. Alipostaafu, kila mtu hapa kijijini Yakobi alijua atapanda parachichi kama wastaafu wengine. Yeye akanunua Coaster iliyochoka, akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko la gesi, sinki, mapazia ya maua na paneli mbili za sola juu ya paa. Kisha akaanza kulala humo, hapohapo uani, kuijaribu. Siku ya tatu wakaja wazee wawili wa kanisa kumpatanisha na bibi. Bibi Getruda aliwapa chai, akawaambia hawajagombana. Hawakuamini. Waliomba sala ndefu ya ndoa, halafu mmoja akaomba aonyeshwe sinki.

Babu alitaka kitu kimoja tu: bibi asafiri naye, walale porini. Bibi alikubali mara mbili, na mara zote mbili taa zilizimika kabla hawajamaliza kula. Betri zilikuwa nne, zile za maji, nzito kama mawe ya kusagia. Babu alizinywesha kila Jumamosi kama ndama, lakini zilikuwa zimezeeka. Na bibi hawezi kulala gizani mahali asipopajua. Safari ya pili alikesha ameshika tochi. Walipofika nyumbani akasema, "Baba Elius, nakupa safari moja ya mwisho. Taa ikizimika, hili ni banda la kuku. Vifaranga mia nimeshaagiza."

Hakuwa anatania. Alikuwa amepima madirisha kwa ajili ya wavu.

Ndipo babu akaenda Makambako kwa Rabson, fundi kijana anayeuza vifaa vya sola, akarudi na betri moja ya lithiamu. Alinipa niibebe mwenyewe.

"Zile nne zote ndiyo hii moja," alisema. "Na hainywi maji."

Akaifunga palepale zilipokaa zile za zamani, kwenye sanduku la chuma nje, chini ya sakafu, karibu na tairi.

Tuliondoka watatu mwanzoni mwa Julai, shule zikiwa zimefungwa, tukapaki pembeni ya msitu wa misindano juu ya Ikonda, kule Makete. Usiku ule taa haikuzimika. Ila asubuhi majani yalikuwa meupe kwa jalidi, ukungu umelala juu ya paa, na mita ikaonyesha betri haipokei chaji. Saa nne, haipokei. Saa sita, haipokei. Bibi akawa anatazama madirisha kwa namna ambayo babu hakuipenda.

"Taa haijazimika," babu alijitetea. "Safari bado inaendelea."

"Nimesema kitu mimi?"

Tukashuka hadi Makambako. Tulifika jua linachoma, Rabson akapima, betri ikapokea chaji vizuri kabisa. Tukarudi Makete. Kulipokucha ikagoma tena. Tukarudi Makambako, na safari hii ilipona kabla Rabson hajaigusa.

"Mzee," Rabson alisema akijikuna kichwa, "labda ni kama baadhi ya watumishi. Ikipangiwa Makete inaugua."

Babu hakucheka. Chaji iliyoingia hapo ilitosha usiku mmoja tu wa kubahatisha, na kule nyumbani mwenye vifaranga alikuwa ameshapiga simu kuuliza avilete lini.

Bibi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya basi anamenya chungwa. "Hiyo betri inalala wapi?" aliuliza.

"Pale chini," babu akasema. "Kwenye sanduku lake."

"Nje?"

"Nje."

"Mwezi wa saba, Makete, nje, ndani ya chuma." Akatema mbegu. "Kifaranga kikishikwa na baridi hakili. Hata ukikimwagia pumba gunia zima, kinakutazama tu. Kipashe joto kwanza."

Rabson akachukua kijitabu cha maelekezo, bado kiko kwenye nailoni yake, akakisoma kwa kidole mpaka ukurasa wa sita. Kumbe betri ikipoa chini ya nyuzi tano inajizuia yenyewe isipokee chaji, isije ikaharibika.

"Hapa dukani hatuna baridi hiyo," alisema polepole.

"Mimi nilidhani umekisoma," babu akamwambia.

"Mzee, na mimi nilidhani utakisoma wewe."

Njiani kurudi Makete niliwaza kwamba bibi angenyamaza tu, angelipata banda lake. Badala yake alitusimamisha kwa fundi seremala, akaomba maranda ya mbao bure, akayajaza kwenye boksi, akailaza betri humo, akaifunika kwa blanketi lake la zamani na kuisukuma chini ya kitanda. Akatuamuru tusiifunuefunue.

Asubuhi iliyofuata jalidi ilikuwa ileile, ukungu uleule, lakini mita ilikuwa inapanda. Ndani ya basi taa ilikuwa bado inawaka juu ya kichwa cha bibi, naye anakoroma. Mimi na babu tulikuwa nje na vikombe vya chai, tunatetemeka. Safari hii alikuwepo mzima, si miguu tu, nikamwuliza tena lile swali la darasa la nne.

Akapuliza chai yake kwanza.

"Nikiwa na lori, nikiona tembo pale Mikumi, nasema, 'Mama Elius, ona.' Nikiteremka Kitonga asubuhi, nasema, 'Mama Elius, ona.' Miaka thelathini. Na aliyekuwa anaitika ni utingo wangu, Dionis, mwenye ndevu. Sasa nikisema, anajibu mwenyewe."

"Anajibuje?"

"Anasema, 'Tazama barabara.'"