Walimbomolesha Mama Nyumba Yake

Mwaka tuliohamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, huko Tarime, nilikuwa darasa la saba. Siku moja mwalimu wa Kiingereza aliandika ubaoni kwamba "make" ni kumlazimisha mtu afanye jambo, na "let" ni kumruhusu. Akatutaka tutunge sentensi.

Niliandika: "They made my mother pull down her house." Yaani, walimbomolesha mama nyumba yake. Nilikuwepo. Mgambo walisimama na virungu huku mama aking'oa nyasi za paa, na mahindi yetu yalikuwa bado shambani.

Mwalimu alikata "made" kwa wino mwekundu, akaandika "let".

"Kosa langu liko wapi, mwalimu?"

"Sarufi ni sahihi," alisema. "Lakini hapa hakuna aliyelazimishwa."

Nikaandika "made" juu ya wino wake, kwa herufi kubwa. Alinichapa viboko vinne mkononi.

Nyumbani mama aliniuliza neno hilo maana yake nini. Nilipomweleza, alisema kwa Kikurya, "Basi hukukosea," akanipaka samli kiganjani.

Mwalimu yule sijamsamehe mpaka leo.