Viatu vya Chifu

Asubuhi moja, mwanangu, nakumbuka nilifunga chumba nilichopanga pale mtaa wa Rhonda, nikamrudishia mjane wa Mzee Karanja ufunguo, nikashika barabara bila kujua naenda wapi. Shule nilikuwa nimeiacha mapema, na miguu yangu haikuzoea kutulia. Lakini siku hiyo sikuondoka kwa hamu ya kuona dunia. Niliondoka na uchungu.

Mzee Karanja alikuwa mwenye ploti, ile nyumba ya vyumba tulivyopanga, tena mchungaji wa kanisa dogo la mabati, la watu wa vilemba vyeupe. Kwao viatu huachwa mlangoni. Mimi sikusali nao. Nilipenda tu kukaa nje nisikilize ngoma, halafu nimsumbue mzee kwa maswali.

Jumapili moja chifu akaingia na buti zake hadi mbele, akataka mzee atangaze kwamba mwanasiasa fulani ni chaguo la Mungu.

"Viatu, chifu," mzee akasema.

"Mzee, mimi ni serikali!"

"Najua. Ukituita barazani tunakuja, hata mvua ikinyesha. Lakini hapa hata mimi nimeacha vyangu nje. Na huyo mtu wako tutamwombea, vile tunaombea wagonjwa wote."

Akina mama wakaangua kicheko. Chifu hakucheka.

Jumapili iliyofuata tukakuta kufuli la chifu kwenye mlango wa kanisa. Wakasali barabarani, miguu mitupu, kwenye matope ya Julai. Wachungaji wa makanisa makubwa walipita wakitazama kando. "Hayo ni mambo ya watu wa vilemba," walisema. Mimi nami nikarudi chumbani kwangu, nikijiambia si kanisa langu. Baridi ikamwingia mzee kifuani. Kura zilipokwisha, kufuli likatolewa. Yeye tulikuwa tumeshamzika.

Basi nikaondoka. Lori la viazi lilinibeba hadi Longonot, na jioni nikaulizia chumba kwa mama mmoja mwenye hoteli.

"Wewe huvuta sigara?"

"Hapana, mathe."

"Basi ingia."

"Huniulizi nasali wapi?"

"Kwani mimi ni Mungu?"

Mwanangu, chifu akikuita barazani, nenda. Akitaka kuingia na buti mahali unapoongea na Mungu wako, mwambie avue. Na akimfungia jirani usiyesali naye, usipite ukitazama kando kama tulivyofanya sisi. Mungu akujalie mlango usiofungwa na mtu, na siku ukifungwa, akupe jirani atakayeuliza ufunguo uko kwa nani.