Nilikuwa kwenye kamati iliyotunga shahada mpya ya madini: tuliigawana kama mawe ya duara

Habari za mihangaiko wakuu. Naandika nikiwa Shinyanga, na hasira nimeibeba muda mrefu, leo naitua hapa. Nitakayosimulia niliyaona kwa macho yangu, chumvi sijatia. Chuo sitakitaja kwa sababu bado ndicho kinachonilisha.

Mimi ni mhadhiri msaidizi, mtu wa maendeleo ya jamii. Kemia siijui. Kazi yangu ni kukaa na watu na kuwasikiliza.

Nina dada yangu anaishi upande wa Geita, kwenye kitongoji chenye mialo. Kwa msiojua, mwalo ni pale mawe yaliyosagwa kwenye karasha yanapooshwa, na dhahabu inanaswa kwa zebaki. Shemeji ni mchimbaji. Dada, yaani Mama Minza, ana kibanda cha chai na maandazi. Maji anachota kwenye kisima kilicho chini kidogo ya hiyo mialo.

Tangu nianze kufundisha chuo, swali lake kwangu ni lilelile. Tukishamaliza salamu za mwangaluka na habari za nyumbani, ananiuliza: "Kaka, wewe mtu wa chuo, haya maji nimpe Minza au nisimpe?"



Na kabla hamjaniuliza, ndiyo, nilibeba maji kwenye chupa hadi maabara ya chuo. Wakaniambia kifaa cha kupima zebaki hawana, na kuyapeleka nje kunataka barua ya mradi. Nikauliza kama dada yangu anaweza kuwa mradi. Hawakucheka.

Basi, uongozi ukatangaza kwamba tunatunga shahada mpya, mtambuka, ya Madini, Mazingira na Jamii. Nikateuliwa kwenye kamati. Wakuu, nilifurahi kama mjinga.

Mimi na mwenzangu wa kemia, nimwite Madam, tukaandika kozi moja. Wanafunzi wakae muhula mzima kwenye vitongoji vya mialo. Wapime maji na udongo, halafu wakae na kila kaya wawaeleze walichokuta, kwa Kisukuma ikibidi. Na kwa kuwa kozi ingehitaji kile kifaa, chuo kingelazimika kukinunua.

Nikampigia dada simu. Nikamwambia avumilie kidogo, watu wa kumjibu wanaandaliwa. Akashukuru, wabeja kaka, Mungu akuzidishie.

Sasa niwaeleze Mwenyekiti wa kamati. Dokta, suti hata kwenye joto la Oktoba, na neno lake moja tu: interdisciplinary, yaani huo umtambuka. Alikuwa analitamka hata akiomba kalamu.

Akatupeleka Geita kukusanya maoni ya wadau. Wadau wenyewe tuliwakuta ukumbi wa hoteli, kiyoyozi kinapuliza, maji ya chupa kila kiti. Hapakuwa na hata mmoja mwenye tope kwenye viatu. Wachimbaji waliwakilishwa na picha kwenye projekta.

Kuelekea mchana ndipo tukapelekwa kuona duara, yaani shimo lenyewe la dhahabu. Tukakuta mgao.

Kama hujawahi kuona mgao, uko hivi: mawe yakitoka chini yanatiwa kwenye viroba. Mwenye shamba anachukua vyake, mwenye duara vyake, wachimbaji vyao. Kila mmoja macho yako kwenye kiroba chake. Kama ndani kuna dhahabu au ni mawe matupu, mtajuana mwaloni.

Mwenyekiti alipiga picha mpaka nikaona aibu. Akatuambia, akituonyesha kwa kidole, kwamba ule ndio ushirikishwaji, na ndio roho ya shahada yetu. Nilidhani anatania. Kumbe alikuwa ameshapata mfano wa kazi.

Maana tuliporudi Shinyanga tulifanya mgao wakuu. Mgao kabisa.

Kwa wasiofahamu mambo ya vyuo, idara isiyo na wanafunzi inapungukiwa vipindi, na asiye na vipindi mkataba wake unaanza kukohoa. Kwa hiyo shahada mpya ikifunguliwa hakuna anayeuliza mhitimu atajua kufanya nini. Wanauliza idara yao imepewa kozi ngapi.

Mtu wa historia alikuja na kozi yake ileile ya mapinduzi ya viwanda Ulaya, akabandika "na Dhahabu" mwishoni. Ikapita. Biashara wakaleta Kanuni za Masoko, wakaiita Masoko na Madini. Ikapita. Kompyuta wakaleta kozi ya kuandika barua kwenye kompyuta, hata jina hawakujisumbua kubadili. Nayo ikapita, kwa makofi.

Ilipofika zamu ya kozi yetu, Mwenyekiti akavua miwani. Akauliza hii ni ya idara gani.

Idara ya sayansi wakasema ina mambo mengi ya jamii, hawawezi kuibeba. Mkuu wa idara yangu akasema ina vipimo, hiyo ni sayansi. Nikasimama nikasema, "Mwenyekiti, hii ni yetu sote. Si ndiyo maana ya mtambuka?"

Akanijibu kwa upole, kama anayemwelewesha mtoto: "Mwalimu, kozi ya wote haina mwenyewe. Nani atapewa vipindi vyake?"

Nikamgeukia Madam. Madam alikuwa anaangalia simu. Idara yake, hiyohiyo ya sayansi, ilishapewa Kemia ya Madini, ya kwanza na ya pili, viroba viwili vimeshafungwa kamba.

Kozi ikaondolewa. Kifaa nacho kikaondoka nayo. Nafasi yake ikawekwa "ziara ya mafunzo", ya siku moja, kwa basi.

Kozi pekee iliyokuwa mtambuka kwenye shahada mtambuka ndiyo iliyokosa pa kukaa. Niliwaambia hivyo palepale. Wakaandika kwenye muhtasari kwamba mjumbe alitoa pongezi.

Shahada ikapitishwa. Kipeperushi chake kina picha ya mwalo na akina mama wanaosha mchanga, kizuri utasema kalenda. Wanafunzi wakaja, watoto wa watu, wengine wametoka Kishapu huko ndani wakiamini wanasomea kitu.

Mwaka wao wa pili ikafika hiyo ziara. Mwenyekiti akataka waonyeshwe "jamii halisi", akaniuliza kama namjua mtu. Nikawapeleka kwa dada yangu.

Dada alifurahi wakuu, sijui niwaelezeje. Aliazima mabenchi kwa majirani na akavaa kitenge cha kanisani. Alikuwa anawasubiri watu hawa tangu siku ile nilipompigia simu.

Wakamwamkia shikamoo, akawaitikia, akawauliza swali lake. Haya maji ya kisima kile, mtoto ampe au asimpe?

Wakaanza kuangaliana. Mmoja akaeleza umuhimu wa ushirikishwaji. Mwingine akaeleza zebaki inavyodhuru ubongo na figo, akaeleza vizuri sana, dada akawa anamvuta Minza karibu yake. Akauliza tena, sasa kwenye kisima changu imo au haimo?

Binti mmoja, nampa heshima yake kwa kusema kweli, akajibu: "Mama, kupima hatukufundishwa."

Dada akainuka. Kisha akasema haya, karibuni chai. Akamimina vikombe, akazungusha maandazi.

Hakuna mgeni aliyekunywa.

Wote walishika vikombe, wakavipuliza, wakaviweka chini. Mwenyekiti alisema daktari amemkataza majani ya chai, halafu akafungua chupa ya maji aliyokuja nayo kwenye begi. Mimi nilikunywa changu chote, kwa hasira.

Basi lilipoondoka dada akaanza kumwaga kikombe kimoja kimoja nje ya kibanda. Hakugomba wala kulia. Akaniambia tu, "Basi kaka, nimeshajibiwa."

Siku hizi anafuata maji bombani kwa baiskeli, mbali. Majirani bado wanachota pale pale. Kisima mpaka leo hakuna aliyekipima, na shahada inaendelea kudahili.

Nilichojifunza: ukisikia kozi inaulizwa mwenyewe ni nani badala ya inamsaidia nani, jua mgao umeanza, tafuta pa kukaa uangalie viroba vikibebwa. Na kama una mdogo wako anataka kusoma shahada yenye jina refu, muulize chuo kwanza mhitimu wake anajua kufanya nini kwa mikono yake.

Waliopita kwenye kamati za namna hii waje, hata wa kunipinga nawakaribisha. Ila kabla ya yote, kama kuna mtu humu anajua pa kupima maji kanda hii bila barua ya mradi, aandike hapa chini. Chupa ninayo bado.