Waya wa Ngazini kwa Bi Zuhura

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Makame alinisimamisha chini ya ngazi ya nyumba moja ya Mji Mkongwe, akanitia ncha ya waya mkononi.

"Mimi juu siendi, Bi Asha. Mna mwanamke yumo edani, kafiwa na mumewe. Wewe ndiye mikono yangu."

Ndivyo nilivyoingia kazi ya mtandao, mie niliyeachia shule darasa la nne. Nyumba zile kuta zake ni nene, mtandao wa hewani haupenyi. Lazima uvute waya, na fundi mwanamme haingii ndani ovyo.

Bi Zuhura, mwenye eda, alisomesha watoto Kurani kwa kompyuta. Tangu afiwe, hiyo ndiyo riziki yake. Mtandao uliingilia ghorofa ya chini, kwa shemeji yake, Seif. Tukaweka swichi, kijisanduku cha kugawa: waya mmoja unaingia kutoka kwa Seif, nyaya nyingine zinatoka kwenda vyumbani. Tuliitundika ukumbini juu, karibu na mlango wa mama mkwe wake, Bi Mize.

"Vuta polepole!" Fundi akipiga kelele kutoka chini. "Usiukunje, utakatika ndani!"

"Navuta, baba, sina haraka ya kufa."

Wiki haikwisha, Bi Zuhura akapiga simu analia. Kila akianza darasa, mtandao unakufa. Wazazi washaanza kuwatoa watoto.

"Waya haujichomoi," Fundi aliniambia. "Mtazame mtu kwanza, halafu waya."

Nikamshuku Seif, maana akiitaka ile nyumba, na akiniona hucheka: "Umekuja kuung'ata waya tena kama panya, fundi?" Nikamshuku na Fundi mwenyewe, kikiharibika kitu, si ndiye anayeitwa?

Nikajitia kufagia ukumbi saa za darasa. Mara Bi Mize akatoka, akaangaza huku na huku, akachomoa waya mmoja kwenye swichi.

"Bi Mize! Kumbe wewe?"

"Ndiye mimi! Fundi mmemzuia ngazini, kisha mnamtilia wanaume chumbani kwa waya. Jana nimesikia sauti nzito ikimsalimia. Na mwanangu udongo haujamkauka!"

Niliuchomeka waya, nikamshika mkono, nikamkalisha kando ya kompyuta. Kamera akaiona imezibwa plasta. Sauti nzito ikaja: "Asalaam aleikum, mwalimu. Binti yangu Raya huyu hapa." Bi Mize akanikazia macho. Kisha kitoto kikaanza kusoma, kikakosea herufi, na kabla Bi Zuhura hajafungua mdomo:

"Haa! Siyo hivyo, mwanangu. Itoe kooni!"

Waya haukuchomolewa tena. Bi Mize alihudhuria kila darasa mpaka eda ikaisha. Kusomesha au kulinda, mpaka leo sijui.

Sasa nimestaafu, niko Kiembe Samaki, magoti hayataki ngazi. Wajukuu wangu wanagawana mtandao kwa swichi kama ile. Ukikatika, wao hukimbilia kutazama taa zake. Mie nauliza kwanza: nani kapita hapa, na kasikia nini?