Da ya Kutoka na Da ya Kwenda

Fundi wa cherehani alianza kujifunza Kiitaliano mvi zikiwa pamba tupu kichwani. Binti yake aliolewa huko mbali, akazaa huko, na mtoto hakufunzwa lugha nyingine. Kwenye simu bibi na mjukuu walitazamana tu, kama mbuzi waliokutana darajani.

Alimpata mwalimu jirani, mzee aliyewahi kuwapikia Waitaliano melini. Siku hiyo alifundisha akiwa amejifunga shuka, suruali yake iko chini ya sindano.

"Shika hii ndogo. Da."

"Da nani? Nimekuwa dada yako lini?"

"Si dada, bibi wee! Da ni kutoka. *Vengo da*, natoka."

Fundi akaishonea kichwani kwa uzi maradufu. Aliirudia huku akipiga pasi, hata pasi nayo, ukiipita karibu, ungeisikia ikisema daaa.

Jumapili simu ikalia. Uso wa mjukuu ukajaa kioo kizima. "*Nonna, vieni da noi?*"

Fundi akaelewa! Mtoto anauliza, bibi, wewe umetoka kwetu? Akacheka mpaka meno ya bandia yakacheza ngoma. "*No! Voi venite da me!*" Hapana, mjinga wangu wee, ninyi ndio mmetoka kwangu, tumbo hili hili.

Mtoto akageuka kumtazama mama yake nyuma. Mkwe akachungulia, akaaga kwa adabu.

Likizo ikaja, ikapita. Gauni alilomshonea mjukuu likabaki ukutani mpaka akahisi limeshakuwa dogo. Akampigia binti.

"Ulialikwa, Mama, ukakataa. Mtoto mwenyewe alikuuliza kama utakuja. Basi tukamleta mama wa mume wangu."

Fundi akamwendea mpishi mbio, sindano bado ziko kifuani.

"Ah," mpishi akajikuna. "Da ikikaa na mtu, yaweza kuwa kwenda kwake. Wewe umewaambia, hapana, njooni ninyi kwangu."

"Umenishonea suruali ya mguu mmoja!"

"Mbona na sisi ndivyo tulivyo? Natoka kwa mama, naenda kwa mama. Kwa ni ile ile."

Fundi akakaa chini taratibu. Siku ile ya simu binti alikuwa nyuma ya mtoto, anakunja nguo. Alisikia swali, akasikia jibu na kicheko cha mama yake. Lugha zote mbili zimo kinywani mwake, na neno moja tu lingetosha. Akaendelea kukunja nguo.

"Muulize basi binti yako," mpishi akasema.

"Nimuulize kwa lugha gani?"