Mjane wa Kianjai na Bunduki Mbili

Habari ya kifo chake ilinifikia nikiwa kwa kinyozi mjini Meru, na aliyeileta aliisema huku akicheka. "Yule mama wa bunduki amekufa," akasema, kisha akaendelea kulalamika kuhusu maji yaliyokatika mtaani kwao. Moyo ndio uliomuua. Alianguka zizini kwake Kianjai akiwa na ndoo ya maziwa mkononi, na aliyemkuta ni mteja aliyekuja kulalamika kwamba maziwa yamechelewa. Mnaosoma safu hii mnajua sipendi kuwapamba marehemu, na huyu mwenyewe asingetaka. Alifundisha hesabu huko Kaaga hadi alipostaafu, na wanafunzi wake, ambao leo ni watu wazima wenye vitambi, bado huficha vidole wakimkumbuka.

Alipostaafu alirudi Kianjai na mumewe wakafuga ng'ombe wa maziwa. Kuna alfajiri wezi walivunja zizi, mume akatoka na tochi, wakampiga panga akafa pale pale mlangoni. Majirani walikuja wakati ng'ombe wameshapotelea bondeni. Polisi waliandika walichoandika, na haikupatikana hata kamba. Lakini yeye alikuwa ameshikilia jambo moja, naye alilirudia kwa kila mtu aliyekuja kumpa pole: mbwa hawakubweka. Kwake hilo lilikuwa na maana moja tu, kwamba aliyefungua lango alikuwa mtu wa nyumbani. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alimwambia aache maneno ya kuvunja ukoo. Tangu siku hiyo hakuyasema tena. Alienda kuomba leseni ya silaha.

Ofisini walimzungusha sana. Afisa mmoja alimuuliza kama hana kaka wa kumlinda, mwingine akamwambia aolewe tena, ni rahisi zaidi. Leseni ilipotoka aliniomba nimsindikize Nairobi kununua, kwa kuwa marehemu baba yangu aliwabebea wawindaji bunduki zamani, uwindaji ulipokuwa halali, na nilikua nikisikia habari za silaha mezani kama wengine walivyosikia za mahindi. Kijana wa dukani alituwekea bunduki mbili za kuwindia, zote za aina ile unayoikoki kwa kusukuma na kurudisha chuma kilicho chini ya kifyatulio. Zilitoka kwa makampuni mawili ambayo yamegombania wateja tangu enzi za babu zetu. Moja ilikuwa nyepesi, yenye jina ambalo hata asiyejua bunduki amelisikia kwenye sinema. Nyingine ilikuwa nzito, ya mpinzani wake, yenye risasi nene na kishindo cha kumrudisha mtu nyuma. Nami nilimshauri achukue ile nyepesi. Kijana aliniunga mkono, akasema hiyo ndiyo kina mama wanapenda, haisumbui bega.

Tulipelekwa uwanja wa kulenga shabaha akazijaribu zote mbili. Ile nzito ilimpiga bega hadi machozi yakamtoka. Akayapangusa, akaiweka chini taratibu, akasema, "Nipe hii."

Nikamwambia, "Mwalimu, lakini imekuumiza."

"Ile nyepesi nitaizoea haraka, halafu nitaifyatua hovyo. Hii lazima nifikirie mara mbili kwanza."

Nilirudi Meru nikimsifu kwa kila aliyenisikiliza. Nilidhani nimemsikia mwanamke mwenye huruma.

Wezi walirudi mwaka uliofuata, alipokuwa ameshanunua ng'ombe wengine, kulipokuwa kunaanza kupambazuka, na safari hii pia mbwa walikaa kimya. Alisimama dirishani na bunduki yake. Aliona vijana watatu, na aliyeshika lango alikuwa mtoto wa shemeji yake, kijana aliyekula kwake chakula cha mchana tangu akiwa darasa la kwanza. Mwanga ulitosha kumtambua. Hayo aliniambia mwenyewe baadaye, jikoni kwake, akipepeta maharagwe. Nikamuuliza kwa nini hakuita jina lake, kwani angetoroka tu. Akajibu, "Nilifikiria mara mbili, kama nilivyokuahidi. Mara zote mbili jibu lilikuwa lile lile." Akamlenga goti, akafyatua. Wenzake walikimbia. Alimfunga mguu kwa leso yake mwenyewe, barabara, kama mtu anayefunga mzigo, kisha akapiga simu polisi na kwenda kukamua.

Mguu ulikatwa. Kwa kuwa kijana alikamatwa ndani ya boma la watu akiiba, sheria haikuwa na neno na mjane. Ukoo ndio uliokuwa nalo. Kanisani watu walihama benchi alilokalia. Watoto waliomletea kuni wakakatazwa. Alienda hospitali mara moja tu, akasimama miguuni pa kitanda, na mbele ya mama wa kijana akauliza, "Siku ile ya baba yako mkubwa, ni wewe ulifungua?" Kijana akageukia ukuta. Mwalimu wa hesabu alilichukua hilo kuwa jibu. Aliishi na jibu hilo hadi zizini.

Mazishini hakukuwa na mtu wa ukoo aliyeshika jembe; kaburi lilichimbwa kilimani na vibarua kutoka Nchiru. Askari walikuwa wameshaichukua bunduki, kama inavyotakiwa mwenye leseni akifa, na shemeji alikuwa akiulizia shamba kabla udongo haujajaa. Yule kijana alikuja kwa magongo akakaa mstari wa mbele. Watu wakanong'ona kwamba amesamehe. Walipotawanyika nilimfuata, nikamuuliza lile swali la hospitali, kwani sasa halingemdhuru mtu.

"Mi nilikuwa Embu, kwa mjengo, nikibeba mawe," akasema. "Nilikuwa huko miezi mingi. Nilirudi kumzika baba mkubwa."

"Mbona hukumwambia?"

Alitazama vibarua wakisawazisha udongo. "Ng'ombe zake nilikuja kuiba, hilo sikatai. Lakini mguu wangu hakuupiga kwa sababu ya ng'ombe. Nilijua akisikia ukweli atalia, aniombe msamaha, watu waseme yameisha. Nilitaka afe akiwa na makosa na asijue."

Sikumwamini. Nilienda Embu nikamtafuta fundi aliyemwajiri, mzee asiyejua lolote la Kianjai, na bila kusita akanieleza kwamba kijana alikuwa kwake, na kwamba ni yeye aliyempa nauli ya kwenda matangani. Nani alinyamazisha mbwa alfajiri ile ya kwanza, sijui, na sidhani kama kuna atakayejua.

Nimekaa na habari hii siku kadhaa nikitafuta wa kumhurumia, nikakosa. Mmoja aliuliza swali akiwa ameshahukumu, mwingine akaliweka jibu kama sumu hadi muulizaji akaoza. Kama kuna mtu nyumbani kwako unayemshuku, muulize kabla hujamuumiza. Na kama wewe ndiwe unayeshukiwa bure, sema, hata kama hastahili kuambiwa. Kijana yule alishinda. Nilimwona akiondoka pale makaburini akiwa ameshinda, na kwenye kile kilima hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemshika mkono kumsaidia kuteremka.